Kabari za Lori la Kullow

Kila siku baada ya masomo, Sabrin alivua sare na kwenda kwenye gereji ya babake, Kullow, mjini Kakuma. Mwezi huo walikuwa wakifufua lori lililoundwa kabla Kullow hajazaliwa. Ekseli ya mbele ilikuwa imeshushwa, ikasafishwa na kurudishwa. Hata hivyo, lori lilikataa kwenda sawa.

"Linayumba kama ngamia mlevi!" Kullow alifoka akishuka. "Nikikata kona, usukani haurudi. Mara ya tatu hii!"

"Ngamia ana afadhali," alisema Ekwam, fundi mwenzake. "Ukimvuta kamba anasikia."

"Usinichekeshe. Ukaguzi ni keshokutwa, Lodwar. Lete spana, nifungue boksi ya usukani."

Ekwam aliacha kucheka. "Boksi hiyo haina mbadala Turkana nzima. Ikivunjika, lori limekwisha."

"Nifanyeje? Kabari ziko sawa. Sabrin alizitia alama."

Sabrin alizitupia jicho kabari. Kabari ni vipande viwili vya chuma, vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Hukaa kati ya springi na ekseli ili ekseli ipate mlalo unaofaa. Babake alimwagiza apake rangi upande wa mbele wa kila kabari kabla hazijatolewa. Yeye alikuwa akipiga soga na rafiki yake Istahil. Kabari zilipoanguka mchangani, alizipaka kwa kukisia.

Spana ilikuwa imeshashika bolti ya kwanza ya boksi.

"Aabo, ngoja!" Sabrin alimwita babake. "Zile alama ni za uongo. Nilikisia."

Kullow alimgeukia. "Siku nne nalala chini ya lori kwenye joto hili, nawe unanitazama tu?"

"Niliogopa utanigombeza."

"Na sasa nakuimbia?"

Waliinua lori kwa jeki, wakalegeza springi na kugeuza kabari zote mbili, upande mnene ukaelekea nyuma. Sabrin alilala mchangani akikaza bolti mpaka viganja vikamwuma. Kisha Kullow akaliendesha. Alikata kona, akaachilia usukani kidogo. Ukarudi katikati wenyewe, lori likanyooka.

Aliporejea hakutabasamu.

"Ungesema hakuna alama, ningepima mwenyewe kwa nusu saa," alisema. "Fundi asiyeona alama hupima. Akiona alama ya uongo, huiamini, akaenda kuvunja kitu kizima. Ukikosea, binti yangu, sema siku hiyo hiyo."