Jina la Mwantum Kule Pluto

Basi lilikuwa halijasimama sawasawa pale stendi ya Kibiti, na tayari wachuuzi walishalivamia, huyu na mayai ya kuchemsha, yule na kamba wa kukaanga, kila mmoja akiapa kuwa vyake ndivyo vya moto. Katika zogo hilo Mwalimu Deusdedit alishuka na boksi kubwa kifuani. Boksi likapasuka kitako, na sayari zote zikamwagika barabarani.

Alikuwa amezitengeneza mwenyewe kwa mipira na rangi, ili wanafunzi wake wa kidato cha tatu waone kwa macho. Sasa Jua lilibingirika uvunguni mwa basi, Zohali na pete zake ikaingia kwenye karai la muuza mihogo, na ile ndogo kuliko zote, mpira mweupe wa tenisi ya mezani, ikaenda kutua mbele ya kiatu cha kisigino kirefu. Kiatu kikakanyaga. Pwaa!

Mwenye kiatu alikuwa binti aliyekuja kupokea mzigo wake wa vitenge kutoka Dar. Baibui lake aliliacha wazi kwa mbele, na ndani lilionekana gauni la njano lililokatwa na fundi anayeijua kazi yake. Hina ilikuwa mbichi vidoleni, na alinukia udi saa sita ya mchana, kwenye vumbi lile.

"Samahani, kaka. Nimekuvunjia yai."

"Si yai, dada. Hiyo ni Pluto."

"Pluto ndo nani?"

"Sayari. Ndogo, imejaa barafu, iko mwisho kabisa huko."

"Basi kama iko huko, haitajua nani kaikanyaga." Akacheka, akainama kumsaidia kuokota. "We mwalimu, wee."

"Umejuaje?"

"Nani mwingine atasafiri na mbingu kwenye boksi la sabuni?"

Mwanamume msomi akikosa neno mbele ya mwanamke hukimbilia masomo yake. Deusdedit, mtu wa Bukoba, alianza kumweleza palepale, watu wakimpiga vikumbo, kwamba Wamarekani wanaunda chombo cha kwenda Pluto, kwamba hakuna chombo kilichowahi kufika huko, na kwamba safari itachukua zaidi ya miaka tisa. Binti alimsikiliza hadi mwisho, Mirihi ikiwa mkononi mwake.

"Mie naitwa Mwantum," alisema akimrudishia. "Nina duka la vitenge pale sokoni. Ukitaka shati linalofanana na hiyo mipira yako, karibu."

Alikwenda kesho yake. Shati alilonunua lilikuwa baya, na alilivaa wiki nzima.

Mambo yakaiva haraka. Huo ulikuwa mwaka elfu mbili na tano, simu za mkononi zikiwa zimeanza kuzagaa Kibiti, lakini vocha ilikuwa inauma, hivyo mapenzi ya wengi yaliendeshwa kwa kubipu.

"Haloo, mwalimu wangu. Mbona umenibipu mara mbili?"

"Ya kwanza ni salamu. Ya pili nimekukumbuka."

"Na ukipiga kabisa itakuwa nini?"

"Posa."

"Basi weka vocha, baba. Mie nasubiri."

Siku moja dukani, Mwantum akipima kitenge kwa mkono, Deusdedit akamwambia kuwa wenye chombo kile wanakusanya majina ya watu wa dunia nzima. Yatawekwa ndani ya chombo yaende nayo Pluto, na yeyote anaweza kupeleka la kwake kwa intaneti.

"Nitalipeleka lako," alisema.

"Langu mie?" Mkasi ukamponyoka. "Langu, huko kwenye barafu?"

"Lako."

Mwantum akakaa kwenye stuli. Hakuna mwanamume aliyewahi kumwahidi kitu asichoweza kukinunua. "Basi liandike vizuri. Andika Mwantum binti Mwamini. Baba alikufa nikiwa mchanga, mama ndiye aliyelima mpunga kule Mbwera nikasoma. Twende wote, mie na yeye."

Intaneti wakati huo ilikuwa Dar es Salaam. Shule ilipofunga kwa likizo fupi, Deusdedit akapanda basi. Ah, lakini mtu huyu! Alipofika akawakuta wenzake wa chuoni, na wenzake wakakuta bia. Kila asubuhi alisema kesho, na kila kesho ilikuwa na nyama choma yake. Alipokuja kukaa mbele ya kompyuta, huko Kariakoo, alikuta maneno machache ya adabu yakimwarifu kuwa kupokea majina kumekwisha.

Alitoka nje, na simu ikaita.

"Haloo, laazizi! Limekwenda?"

Neno hapana ni fupi, mtoto wa miaka miwili analisema. Mwalimu wa fizikia lilimshinda.

"Limekwenda."

"Wallahi?"

"Mwantum binti Mwamini. Limekwenda, mpenzi wangu."

Mwantum akapiga kigelegele ndani ya simu. Aliporudi Kibiti, Deusdedit alikuta duka limepakwa rangi ya bluu, na juu ya mlango limeandikwa PLUTO MITINDO. Kila alipopita pale alijifanya anatazama upande wa pili wa barabara.

Januari redio ikatangaza kuwa chombo kimeruka. Siku zilezile kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni, na mkuu wa shule akamwomba mwalimu wa fizikia awaeleze wananchi habari hiyo kubwa. Akaeleza. Wakapiga makofi. Makofi yakamlevya kuliko ile bia ya Dar, akaongeza ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Na ndani ya chombo hicho limo jina la binti wa hapahapa kwetu. Mwantum binti Mwamini!"

Vijana wakashangilia. Lakini akina mama wa mstari wa mbele hawakupiga makofi. Walitazamana, mmoja akajifunika mdomo kwa upindo wa khanga. Deusdedit aliwaona, asielewe.

Habari ikashuka na maboti hadi Mbwera, kwa mama mwenyewe. Siku chache baadaye Mwantum akamjia nyumbani kwake, bila wanja na bila udi, macho yamemvimba.

"Deo, kwetu jina la mtu kwa ubini wa mamake halitangazwi ovyo. Hulitaka mganga anayetaka kukushika kwa uchawi. Na husomwa kaburini, siku maiti anapofunzwa namna ya kuwajibu malaika, ndiyo talkini. Mama kaambiwa mwanawe kasomewa talkini angali hai, na jina likatupwa mahali pa giza na baridi. Hataki kula. Hata uji anautema."

"Lakini wewe ndiye uliyenitajia..."

"Nilitaja kwa mahaba, sikufikiri. Kosa langu nalijua." Akamshika mkono. "Nakuuliza kitu kimoja tu. Hawawezi kulitoa?"

Mlango wa kuungama ulikuwa wazi kabisa, alichotakiwa ni kupita tu. Badala yake Deusdedit akaanza kufundisha. Akamwambia kwamba chombo kilipita Mwezi siku ileile kiliporushwa. Hakina breki, wala hakijaundwa kurudi. Kikishaipita Pluto kitaendelea mbele, huko kwenye vimondo vidogo vya barafu ambavyo hata majina havina. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, na yote aliyatumia kufunika uongo mmoja. Alijisikia akisema, na uso ukamwaka.

"Basi nitakusimamia," alisema Mwantum. "Nitamwambia mama kuwa jina lile lilipelekwa kwa heshima."

Akamsimamia kweli. Maharusi wakaacha kununua dukani kwake, maana nani anataka kuolewa na kitenge cha mtu aliyekwisha somewa talkini? Mashoga zake wakapunguza kupita. Naye kwa kila aliyemsema mwalimu alikuwa na jibu, tena kali. Deusdedit alimpelekea dawa za kumpelekea mama, maziwa ya kopo, machungwa, kila kitu isipokuwa kile kimoja. Alipokuwa akimwona anamtetea barabarani, gauni likimpwaya, alitamani ardhi impasukie.

Mvua za masika zilipoanza, mjomba wa Mwantum, Mzee Abdalah, akaja Kibiti na ujumbe kwamba mama anamwita mwalimu.

Wakapanda boti ya injini pale Nyamisati, wakapenya kwenye mikoko hadi Mbwera. Bi Mwamini alikuwa ameegemezwa mito juu ya kitanda cha kamba. Mikono yake ilibaki mifupa na bangili. Pembeni mwa kitanda palikuwa na bakuli la uji ulioganda utando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetereka. "Mie nilisema mwanangu simwozi mtu wa kanisani. Sasa nimechoka kusema. Wewe ndo unayejua lilipo jina lake. Akikaa na mwingine, nani atamchungia jina hilo? Silimu, umchukue. Muoe, nife nikijua yuko na aliye na jina lake."

Mwantum akajifunika uso kwa ushungi, na mabega yakawa yanatikisika kwa furaha. Mzee Abdalah akasafisha koo, tayari kuomba dua.

Haya basi. Alichokitaka tangu siku ile ya stendi kilikuwa mbele yake, na bei yake ilikuwa kunyamaza tu. Deusdedit alifumbua mdomo aseme ahsante. Jicho lake likaangukia lile bakuli.

"Mama, halikwenda."

"Nini hakikwenda?"

"Jina. Sikulipeleka. Nilifika Dar nikanywa pombe na wenzangu, nilipokwenda kwenye kompyuta nikakuta wamekwisha funga. Nikaona haya, nikadanganya."

Mzee Abdalah akasimama, akakaa tena. Bi Mwamini akajiinua kwenye mito.

"Rudia."

"Halikwenda popote, mama. Halikutoka hata hapo Kariakoo."

"Alhamdulillahi," alisema mama. "Alhamdulillahi!" Akalia, akanyoosha mkono, akalichukua bakuli mwenyewe na kuunywa uji ule wa baridi, na utando wake, akilia na kunywa. Deusdedit hakuweza kumtazama. Alipogeuka, Mwantum hakuwamo chumbani.

Alimkuta kwenye matope ya bandarini, viatu mkononi.

"Mwantum."

"Anakula?"

"Anakula."

"Tangu Januari," alisema, bila kumgeukia, "chakula cha mama yangu kilikuwa kinywani mwako, Deo. Neno moja tu. Ukalifumbata, ukanihesabia Mwezi na breki."

"Niliogopa utaniona mwongo."

"Na sasa nakuona nani?"

Deusdedit alisimama, mikono ikining'inia, mtu mzima wa shahada.

"Aibu niliyobeba Kibiti haikuwa yangu," Mwantum aliendelea. "Nilidhani ni yetu sote wawili, ndo maana haikunilemea. Sasa njoo uchukue yako. Uliwaambia mkutanoni limekwenda. Waambie mkutanoni halikwenda. Kwa mdomo wako, na hiyo bia uitaje."

Akaitaja. Katika mkutano wa wazazi uliofuata alisimama mahali palepale, akasema yote tangu nyama choma hadi kigelegele cha kwenye simu. Mkuu wa shule alitazama viatu vyake mwenyewe. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, na hilo Jua unalotufundishia watoto lipo kweli?" Masikio yalimchoma, na dirisha lilikuwa karibu kabisa. Hakulipitia. Alisimama hadi walipochoka kucheka. Mwantum alikuwa amekaa mstari wa mwisho, mikono mapajani, hakucheka wala hakumsaidia.

Baada ya hapo hakumbipu. Hakuona kama ana haki hiyo. Alifundisha, wanafunzi wakanong'onezana, akafundisha hivyo hivyo. Alasiri moja, akisahihisha madaftari, simu ikaita yenyewe, kuita kwa mtu aliyeweka vocha.

"Haloo."

"Nipo," alisema Deusdedit, akiweka kalamu chini.

"Leo nimeuza. Maharusi wawili kwa mpigo."

"Nimefurahi, Mwantum."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nakwambia ili ujue. Usije ukajikuta umefurahi." Kwenye duka lake mtu alikuwa anauliza bei ya doti. "Mama kapona. Ananisumbua. Anasema mwanamume aliyeweza kujivua nguo vile mbele yake, anaweza kuvishwa nyingine. Mie nikamwambia sijui."

"Ni kweli hujui?"

"Usinikatize. Hivi unajua, mwalimu? Jina la mama husomwa kaburini. Kwenye ndoa shehe hataji la mama, hutaja la baba. Mie ni Mwantum binti Dadi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi uende kwa shehe ukaseme naye, akufunze, ujue unaingia wapi. Na mama yako huko Bukoba umwambie mwenyewe, akilia umsikilize anavyolia. Ukishamaliza ndipo unipigie. Na ole wako, Deo, uniambie umekwenda nawe hujakwenda."

Simu ikakatwa. Neno nitakwenda lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi, jepesi, tayari kuruka, na akaona haya kwa jinsi lilivyokuja upesi. Alilimeza. Akavaa viatu, akatoka.