Asali Haiozi, Ila Mtoto Mchanga Asilambe

Mama Asali hakuwa na mchezo na kazi yake. Kila asubuhi, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, alichuja asali kwa kitambaa safi. Aliosha chupa, akazianika juani mpaka zisibaki na tone la maji. Asali ikiingia maji inachacha, alisema. Isipoingia, inakaa miaka na miaka.

Wateja wasumbufu hawakukosekana. Mmoja alirudisha chupa ya asali iliyoganda, akidai ameuziwa sukari. Mama Asali hakubishana naye. Aliiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, asali ikalegea, akamrudishia.

"Nyama inaoza, maziwa yanaoza, hata hayo maneno yako yataoza," alimwambia. "Asali haiozi."

Mteja akacheka, akaenda zake. Lakini hapo hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mama Asali aliamini kwamba kitu kisichooza hakina kijidudu hata kimoja. Na nani angembishia? Alikuwa ameshika asali maisha yake yote.

Aliishi na mwanawe, fundi wa matairi, na mkwewe. Mkwe alikuwa na binti wa miezi mitatu. Mtoto huyo alipendwa mno, maana kaka yake aliyemtangulia alifariki akiwa mchanga. Yule hawakumtaja kabisa. Basi binti alipoanza kukohoa, mkwe alitaka kumpeleka zahanati. Mama Asali akasema kikohozi kidogo namna ile si cha kusumbulia watu. Akachovya kidole kwenye asali, akampaka mtoto ulimini, asubuhi na jioni.

Kikohozi kikapungua, na Mama Asali akatembea kifua mbele. Kisha mtoto akakosa choo kwa siku kadhaa. Kilio chake kikawa chembamba, hakisikiki hata chumba cha pili. Akashindwa kunyonya, maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Asubuhi moja mkwe alimwinua, shingo ikaanguka nyuma, na kope zikabaki nusu zimefumba.

"Mama, huyu anakufa kama yule," mkwe alisema kwa sauti ya chini. Alimfunga mtoto kwenye shuka, wakatoka mbio.

Hospitalini mtoto alitiwa mrija puani wa kumlishia. Jioni akawekwa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Muuguzi akauliza mtoto alikula nini zaidi ya maziwa ya mama. Mkwe akajibu kwamba bibi yake alimpaka asali.

"Asali yangu ni safi," Mama Asali alisema. "Haiozi."

"Sijasema ni chafu, mama," muuguzi alijibu. "Haiozi kwa sababu ina maji kidogo sana. Vijidudu haviwezi kuzaliana humo. Lakini kutozaliana si kufa. Vingine vinalala ndani yake kama mbegu kavu. Sisi wakubwa, matumbo yetu yanavishinda. Tumbo la mtoto mchanga bado halina nguvu hizo. Mbegu zinaamka, zinatoa sumu, na sumu inalegeza misuli. Kwanza anakosa choo, kisha anashindwa kunyonya, kisha kupumua."

"Na nikiichemsha?"

"Hata ukiichemsha jikoni, hazifi. Asilambe asali, wala usiitie kwenye uji wake, mpaka atimize mwaka mmoja. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanamtosha. Akikohoa, mleteni tumwone."

Mama Asali aliketi.

"Yule wa kwanza," alisema. "Naye nilimpaka."

Muuguzi hakumdanganya. Alisema watoto wachanga hufa kwa mambo mengi, na sasa hakuna awezaye kujua. Mama Asali alitamani sana aambiwe hapana. Mkwe aligeuza uso ukutani, akalia.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Mama Asali alifua nguo za mtoto, akapeleka chakula wodini, akarudi nyumbani peke yake. Mkwe alimwamkia kwa heshima, lakini hakumpa mtoto amshike. Mama Asali hakuomba. Aliona anastahili hivyo.

Polepole sumu ikaisha mwilini. Mtoto akaanza kukaza vidole, kisha kunyonya. Mashine ikaondolewa. Siku kilio chake kilipojaa wodi nzima, baba yake, fundi mwenye mikono ya chuma, alitoka nje kufuta machozi.

Waliporudi nyumbani, Mama Asali aliendelea kuuza asali. Ila sasa alimuuliza kila mnunuzi asali ni ya nani. Siku moja kijana mmoja alisema ni ya mwanawe, aliyezaliwa juzi. Mama Asali akaivuta chupa nyuma, akamweleza yote aliyoyasikia hospitalini. Kijana hakukubali.

"Mimi nililambishwa nikiwa mchanga," alisema, "na niko hapa mzima."

"Wengi hawadhuriki, mwanangu," Mama Asali alijibu. "Mimi nilikuwa na wajukuu wawili. Mmoja alipumua kwa mashine, nikashuhudia kwa macho yangu. Yule mwingine tulimzika. Sijui kama ni mimi niliyemuua, na sitajua mpaka naingia kaburini. Usitake kuwa mimi."

Kijana akaondoka mikono mitupu.

Mkwe alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuja akasimama mbele ya mama mkwe wake aliyekuwa ameketi. Halafu akainama, akamweka mtoto mapajani mwa Mama Asali.