Kaimati katika Bakuli la Basra

"Kunguru, uko wapi?"

"Mtaani Kenton. Nimeloa mvua."

"Mlango umeuona?"

"Nauendea. Mnunuzi?"

"Nimemzibia njia. Boneti ya Prius yangu iko wazi, najikuna kichwa kama fundi. Fanya upesi," Collins, mwenzake, alimhimiza sikioni.

Gakii alishusha pumzi. Wenzake wa umri huu walikuwa wanafuga kuku Meru. Yeye alikuwa jasusi London, goti linamuuma, kifungo cha koti ni maikrofoni, tumbo tupu. Bastola hakupewa. Polisi wa hapa walikataa.

Walimpa sharti tu: Ameir, muuzaji, atamke kwa kinywa chake bakuli la kale analouza lilitoka wapi. La sivyo, hawaingii.

Hati za Ameir zilisema ni urithi wa bibi yake. Huko nyumbani, Miska, mlinzi wa magofu ya pwani, alikuwa rumande kwa kuiba bakuli hilohilo, lililong'olewa kwenye ukuta wa kaburi. Kesho hukumu.

Akabisha. Ameir akafungua.

"Wewe ndiye mtu wa tajiri?"

"Shiku," Gakii alidanganya. "Tajiri yuko kwenye foleni. Kanituma nitazame."

"Karibu, dada."

Bakuli lilikaa mezani juu ya taulo. Ndani yake ndege mwenye shingo ndefu, jani mdomoni, vidoti vimemzunguka. Ameir aliliinamisha dirishani. Kahawia ikawa dhahabu, dhahabu ikawa kijani, kijani ikawa zambarau.

"Dhahabu hamna humo," alijigamba. "Fedha na shaba. Mfinyanzi wa Basra alilichoma kwanza, akachora, akalirudisha tanurini, safari hii kwenye moshi. Miaka elfu na ushei, dada, na bado linakukonyeza."

"Bibi yako alikuwa na jicho."

"Alilipenda mno. Alikuwa akiliweka kwenye kidaka, ukutani."

Hata hakupepesa. Gakii akazidi kuchoka. Huyu angeweza kuendelea na bibi yake mpaka Krismasi.

"Kaka, kwako mgeni hapewi kitu? Nimeshinda na njaa."

Kwa mtu wa pwani, bora ungemzaba kofi. Ameir aliona haya, akakimbilia jikoni, akarudi na birika la kahawa na sahani ya kaimati za moto, zinanukia hiliki.

Gakii akazimimina zote ndani ya bakuli.

Ameir akaganda.

"Dada. Kula kwenye sahani."

"Kwani bibi hakuwahi kulitilia chakula?" Akachukua moja. Akaipeleka mdomoni, polepole.

"Usile humo."

"Nina njaa, kaka."

"Usile, nakwambia. Limetoka kaburini hilo. Nililing'oa mwenyewe, na tangu siku ile usingizi sina. Mgeni wangu hali kwenye kitu cha maiti."

Gakii akairudisha kaimati bakulini.

"Kunguru ameshiba," Gakii alikiambia kifungo.

Ameir akaelewa. Mkono ukazama nyuma ya kochi, ukatoka na bastola, Glock.

Gakii akainua bakuli mbele ya kifua. Kaimati zikadondoka zuliani.

"Piga. Ila tajiri hanunui vigae."

Mtutu ukapanda usoni. Bakuli likapanda. Mtutu ukashuka. Bakuli likashuka.

Mlango ukaruka. Mabuti. Kelele. Pingu.

"Ungekula kweli?" Ameir aliuliza, shavu limebanwa kwenye zulia.

"Kaka, kwa kazi hii nimekula kwenye vibaya zaidi."

Alimkabidhi ofisa bakuli, akatoka. Simu ikalia. Wambui, wakili wa Miska.

"Sauti imefika, na ofisi ya mashtaka wameisikia. Kesho wanaondoa kesi. Miska analia tu. Anauliza kama limevunjika."

"Mwambie ni zima. Linanukia hiliki kidogo."

Akakata. Mwisho wa barabara Collins alikuwa bado ameinamia injini isiyo na ubovu wowote, huku mnunuzi akimtukania mama yake. Gakii akawapita wote wawili bila kugeuka, akaelekea stesheni, goti likilalamika peke yake.