Kuti Juu ya Mashua ya Thoa

— Thoa, hilo kuti umelitundika wewe?

Thoa hakugeuka. Aliendelea kupanga mananasi yake.

— Nani mwingine? Mama hafiki huko juu.

Tín alisimama kwenye mashua yake ya kahawa, kikombe mkononi. Kwenye soko letu la majini hapa Cần Thơ, unachouza ndicho unachotundika kwenye mti uliosimikwa mashuani: nanasi, boga, kabichi. Ukitundika kuti, unauza mashua yenyewe. Na msichana wa mifereji akiuza mashua, anakwenda zake.

Tangu jana Tín alikuwa akimpigia, simu haipokelewi. Ulirudi ujumbe mmoja tu: “Kaka Tín, shangazi amenipatia kazi kiwandani, Bình Dương. Endelea na kahawa yako.”

Tín si mtu mbaya, ni mzito tu. Kila asubuhi alifunga mashua yake ya kahawa ubavuni mwa ile ya Thoa, wakacheka mpaka jua likawa kali, kisha huyoo, kaondoka. Posa aliiahirisha mpaka apate nyumba nchi kavu. Nyumba yenyewe haikuwa na hata tofali.

— Ningekuja kwa mama, Thoa. Nilikuwa nangoja nyumba.

— Nyumba nilikuomba lini, kaka? Mimi nimezaliwa juu ya maji. Nilichotaka ni useme.

Mama Thoa naye alikuwa ameacha kumenya nanasi ili asikie vizuri.

Tín akarukia mashuani kwao, akalishusha lile kuti, akalipasua katikati. Nusu akamrudishia Thoa. Nusu akaifunga kwenye kasia na kulisimamisha kwenye mashua yake, maana wauza kahawa hawana mti.

— Na wewe unauza? Utaishi wapi?

— Tuuze zote mbili, tununue moja kubwa. Nakupenda, Thoa. Nimechelewa kusema, lakini nimesema.

Thoa alilia, akajifuta kwa kitambaa chake cha shingoni, wala hakuficha.

— Lifunge vizuri, mkwe, alisema mama yake. Likianguka hatupati mnunuzi.

Walioana baada ya mwaka mpya. Asubuhi iliyofuata harusi, kwenye mti wa mashua yao kubwa vilining'inia shati la Tín na blauzi ya Thoa. Mgeni mmoja akapita na mtumbwi, akauliza bei ya shati.

Thoa akatoa kichwa chini ya paa, nywele bado hazijachanwa.

— Hizo zimeanikwa, mjomba. Haziuzwi.