Folda Iliyoachwa Wazi

Saa sita mchana taa ya kompyuta ilikuwa ikimeta, na mchapaji, mama aliyefanyia kazi nyumbani, hakuwa ameigusa tangu asubuhi. Filamu aliyoishusha mtandaoni ilishakamilika juzi. Chumba kilinuka waya ulioungua.

Binti yake wa miaka saba alirudi kutoka shule, akafungua kinywa amwamkie, sauti haikutoka. Akajaribu tena mpaka machozi yakamlenga. Ndipo kwenye spika sauti yake hiyohiyo ikacheka.

Mchapaji alimwita kaka yake, fundi wa kompyuta. Fundi akatazama kioo cha kompyuta, akashusha pumzi.

"Dada, hii programu ya kushushia filamu ilikuuliza ugawe folda gani?"

"Nilibonyeza zote. Nilikuwa na haraka."

"Basi umefungua nyumba nzima. Unachukua vya watu, na wao wanachukua vyako. Ona, hapa ulimrekodi mtoto akiimba. Watu mia nne wameshamchukua."

"Ifute, kaka."

Akafuta, akachomoa na waya wa umeme. Taa ikaendelea kumeta.

Mganga waliyemwita alikuwa mzee asiye na maneno mengi. Alisoma dua mpaka koo likamkauka, kisha akafunga mkoba wake.

"Mama, jini aliyevamia ninamtoa. Huyu alibisha hodi, ukamwambia karibu. Sauti hatairudisha bure."

"Anataka nini?"

"Sauti iliyo sawa nayo."

Fundi akamsindikiza. Mtoto alikuwa amelala chumba cha pili. Mlango wa chumba cha kazi ukajifunga, na mchapaji akavuta kitasa, akasukuma kwa bega, akajaribu dirisha lenye nondo, harufu ya kuungua ikimjaa puani na spika zikiimba wimbo wa mwanawe taratibu, hata akaona hana pa kwenda, akavuta maikrofoni, akasoma barua ya mteja iliyokuwa mezani, mstari kwa mstari, mpaka midomo ikawa inacheza bila sauti.

"Mama, nimepona. Uko wapi?"

Sauti ya mtoto ilitoka koridoni, safi kabisa. Mchapaji alilia kwa furaha. Akafungua kinywa aitike, hakikutoka kitu. Akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Usiogope hizo kelele, mwanangu," sauti ya mchapaji mwenyewe ikasema kwa upole kutoka jikoni. "Mimi niko huku. Njoo."

Miguu midogo ikaupita mlango mbio.