Zamu ya Tolufale

Fuatino alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko akiparua magimbi kwa kipande cha kifuu, Losa, mwenzake wa ofisini, alipoingia uani miguu mitupu, viatu mkononi.

"Dada, acha hayo magimbi. Tolufale ameingia kazini."

"Tolufale yupi?"

"Kwani unamjua mwingine?"

Fuatino hakuacha kuparua. Ilikuwa Jumatano, siku pekee aliyopewa ya kupumzika baada ya wiki tatu za kuhamisha majina kutoka kwenye daftari la ushirika kwenda kwenye mfumo mpya. Tolufale alikuwa na miaka minne kaburini, hatua thelathini kutoka pale alipochuchumaa.

"Mfumo umekosea," alisema.

"Saa moja na dakika mbili asubuhi, kadi ya Tolufale imepita mlango wa ghala la baridi. Nimeona kwenye skrini kwa macho yangu. Kadi yenyewe iko wapi?"

"Kwenye droo yangu. Ufunguo ninao hapa."

Wote wawili wakautazama ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye pindo la lavalava yake, kitambaa alichojifunga kiunoni.

Kosa lilikuwa la Fuatino, na alilijua. Tolufale lilikuwa jina la cheo, jina la kichwa cha ukoo wa mumewe, na marehemu aliyelibeba alikuwa ndiye mkuu wa zamu wa kwanza pale ghalani. Alipokufa, ukoo haukukubaliana nani alichukue. Kesi ilikwenda, ikarudi, ikalala. Kulifuta jina kwenye daftari kungekuwa sawa na kusema nyumba ile imekwisha, kwa hiyo kila Jumatatu lilisomwa la kwanza, watu wakanyamaza kidogo, kisha majina ya wazima yakafuata. Mumewe Peniamina aliifanya kazi ya mkuu wa zamu bila kuitwa hivyo.

Kirifi, kijana wa mfumo aliyeletwa kutoka Auckland, Msamoa aliyezaliwa huko huko, alikuwa amemuuliza, "Mama, hawa wote wapo kazini?"

Na Fuatino, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajanywa hata chai, alijibu, "Wote wapo." Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Alhamisi alirudi ofisini. Kirifi alikuwa ameinamia skrini, macho mekundu.

"Hitilafu ndogo tu, mama."

"Basi mfute."

"Mkuu wa zamu hafutwi hivi hivi. Mfumo unataka jina la anayepokea nafasi yake. Nipe jina sasa hivi nimalize."

Fuatino alipima majina kichwani. Angeandika jina la Peniamina, binamu zake wangefika na mapanga. Angeandika la binamu, mama mkwe wake asingemsemesha hadi Krismasi.

"Subiri Jumatatu," alisema. "Wazee watakaa."

"Wazee wamekaa miaka minne," Losa alisema kutoka kwenye meza yake. "Sasa wamepata na mwenzao."

Hawakucheka sana. Mchana wapakiaji walianza kulalamika. Kulikuwa na harufu ndani ya ghala, mle ambamo baridi haiachi kitu kinuke: udongo mbichi na tumbaku. Na kulikuwa na mlio. Marehemu alikuwa na mazoea ya kuhesabu masanduku kwa kuyagonga kwa kifundo cha kidole, mara tatu kila sanduku, na sasa walisikia ngo, ngo, ngo, huko nyuma kwenye safu za mwisho, ambako hakuna aliyekuwa akifanya kazi.

"Ni mabomba yanabana kwa baridi," Peniamina aliwaambia.

Nyumbani hakusema hivyo. Alikula kidogo, akasogea karibu na mama yake, Asenati, ambaye watu wa vijiji vitatu walimjia awakande kwa mafuta na kuwaondolea mizuka.

"Mama, atataka nini?"

"Hataki kitu. Mmemwita kwa jina, mkampa zamu. Mtu akipewa zamu anakwenda kazini."

"Sasa ataondokaje?"

"Kama anavyoondoka mtu yeyote. Akija wa kumpokea." Asenati alimtazama mwanawe. "Nawe umelikimbia jina hilo miaka minne."

"Jina hilo ni michango ya mazishi na harusi za watu mia mbili, mama. Sina mgongo huo."

Ijumaa Tolufale hakuingia. Skrini ilikuwa safi, watu wakapumua, Kirifi akasema, si aliwaambia. Kontena la mwisho la magimbi ya kugandishwa lilipakiwa alasiri, na saa kumi na nusu wapakiaji wakatoka ghalani. Saba walikuwa wameingia. Saba walitoka. Mfumo ulifanya ulivyofundishwa: ulipoona hakuna mtu ndani, ulifunga kufuli na kuongeza kasi ya feni za baridi.

Fuatino alikuwa amekwisha kubeba mkoba. Alirudi kuzima skrini, na kwa mazoea tu akasoma majina ya waliotoka, akafika la saba, akalisoma tena.

La saba lilikuwa Tolufale. La Peniamina halikuwamo.

"Kirifi," alisema taratibu. "Fungua mlango."

"Hakuna mtu ndani, mama, hesabu inasema—"

"Mume wangu yumo ndani. Fungua."

Kirifi alibonyeza, akabonyeza tena, uso ukabadilika. "Unakataa. Unataka idhini ya mkuu wa zamu, na mfumo unasema ameshatoka. Kadi yake haifungui tena."

"Zima umeme."

"Kufuli linabaki limefungwa, na bila umeme sitaweza kulifungua kabisa."

Na kitasa cha ndani walikuwa wamekitoa wakati wa kufunga kufuli jipya. Kingine kilikuwa bado njiani, melini. Fuatino alimtuma Losa akamlete Asenati, akakimbilia ghalani, na uani akawakuta wapakiaji sita wamesimama mbali na mlango, wengine wamekwisha panda lori, kwa sababu kutoka ndani ulikuwa ukitoka ule mlio, ngo, ngo, ngo, na kila aliyeusikia aliujua ni wa nani.

"Ni Peni huyo," Fuatino aliwaambia. "Leteni nondo."

"Si Peni, mama," mmoja alinong'ona. "Peni hagongi hivyo."

"Basi Peni yuko wapi?"

Walitazamana, wakahesabiana kwa macho, na yule aliyenong'ona akashuka kwenye lori. Nondo ilipinda. Mlango ule ulikuwa mnene kama godoro, chuma juu na chuma chini, na Fuatino aliweka sikio kwenye baridi yake akasikia feni zikivuma, na nyuma ya feni kugonga, na nyuma ya kugonga sauti ya mzee ikitaja namba polepole, sitini na moja, sitini na mbili, kama mtu aliye na siku nzima mbele yake, na harufu ya tumbaku ikapita chini ya mlango ikamfunika miguu, na akawaza watoto watatu walioko nyumbani wakimsubiri baba yao aje awashe jiko la mawe, akawaza kwamba mtu wa shati la mikono mifupi hamalizi saa moja mle ndani.

Asenati alifika akitweta, chupa ya mafuta mkononi. Aliupaka mlango kwa kiganja kuanzia juu hadi chini.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya heshima, sauti ya kwenye kikao cha wazee. "Kazi umeifanya. Mkabidhi mwenzio, urudi ukapumzike."

Kugonga kukakoma. Feni hazikukoma.

"Anasubiri jina," Asenati alisema.

Kirifi alikuwa amekuja na kompyuta mikononi, wazi, akiishika kama sinia. "Hata mfumo unasubiri jina."

"Andika langu," Fuatino alisema.

Asenati aligeuka. "Wewe si wa ukoo, mwanangu."

"Watoto wangu ni wa ukoo. Na aliyemo humo ni baba yao. Andika, Kirifi. Fuatino, mkuu wa zamu, kuanzia sasa."

Kirifi aliandika. Kufuli likaachia.

Peniamina alikuwa ameketi juu ya magunia, kope nyeupe kwa barafu, mikono ameikunja kwapani. Hakuwa amegonga popote. Mikono haikuwa na nguvu ya kugonga.

"Aliniambia nikae," alisema walipomtoa juani. "Anasema zamu haina wa kuipokea."

"Sasa inaye. Inuka."

Baragumu la sala ya jioni lilipolia walikuwa nyumbani. Baada ya sala Fuatino alipakua: magimbi, majani yake kwa tui, na samaki mmoja mkubwa. Alihesabu kwa kugusa, watoto kwanza. Lupe, bega. Ioelu, kichwa. Simea, aliyekuwa tayari anakula, mkono. Peniamina alimgusa mara mbili, vidole vilivyofungwa vitambaa, kisha shingo, akahakikisha ina joto. Mama mkwe. Na yeye mwenyewe. Sita. Akaanza tena kuanzia kwa Lupe.

"Kaa ule, tupo wote," Asenati alisema.

Akakata samaki. Kichwa, fungu la mwenye cheo, ambacho nyumba ile ilikuwa haijampa mtu tangu mazishi, alikiweka kwenye sahani ya Fuatino. Peniamina alikiona, akainamisha macho.

Fuatino alikitazama. Jumatatu, saa moja asubuhi, jina lake ndilo lingesomwa la kwanza. Kisha akavuta sahani, akala.