Punje Saba za Mehitabel

Kila asubuhi Mehitabel Thurlow, msichana wa miaka kumi na miwili, alipukuchua mahindi jikoni kabla ya kukamua ng'ombe. Siku hiyo ya Mei alipukuchua kwa wasiwasi. Wanaume wa kijiji chao huko Massachusetts walikuwa wanachagua mjumbe wa Bunge la koloni. Baba yake, Eliphalet, aliyekuwa mjumbe wao kwa miaka tisa, aliwahi kuunga mkono kodi ya daraja, na sasa watu walikuwa wamemnunia.

Kura zilipigwa kwa kofia: punje ya hindi kumkubali, haragwe kumkataa, moja tu kwa kila mtu. Mehitabel ndiye aliyepeleka mabakuli ya mbegu ukumbini. Walipomaliza kupiga kura, mchungaji aliomba, wote wakafumba macho. Yeye hakufumba. Alitumbukiza punje saba kofiani.

Hesabu ikatoka. Wapiga kura hamsini na wawili, mbegu hamsini na tisa!

"Huu ni wizi!" alifoka Jabez Crane, mhunzi. "Nani alishika kofia?"

"Mimi," alisema mzee Asahel. "Lakini sikutia kitu, naapa."

"Eti hukutia! Basi ametia paka?" alikejeli Jabez, watu wakaangua kicheko. "Atiwe miguu mkataleni, kwenye zile mbao za kufungia wahalifu pale uwanjani!"

Mzee Asahel ndiye aliyemfundisha Mehitabel kusoma. Maskini, tayari walikuwa wamemshika mikono. Mehitabel alimtazama baba yake. Akisema, baba ameanguka.

"Mwacheni babu!" alipiga kelele. "Ni mimi! Nimetia punje saba!"

Eliphalet alisimama, uso umemwiva kwa aibu.

"Toeni hizo saba," alisema.

"Utashindwa, Eliphalet," mchungaji alimnong'oneza.

"Nimesema zitoeni."

Punje zikabaki ishirini na tano, maharagwe ishirini na saba. Eliphalet alimwomba radhi mzee Asahel mbele ya wote, akatoka.

Njiani Mehitabel alilia kwa kwikwi. "Baba, nimekupotezea kiti."

"Kiti kilishapotea, mwanangu. Wewe nusura umwangamize mzee wa watu. Wale ishirini na saba walikuwa na neno la kuniambia, nawe ukataka kuwaziba midomo. Ushindi wa kuiba ningeubebaje? Mwakani nitawaomba tena, kwa haki."

Akamfuta machozi kwa kiganja chake kigumu.

"Umesema kweli wakati ilipokuuma, na hilo nimeliona. Lakini kuanzia kesho, mwezi mzima, utampukuchulia babu Asahel mahindi yake."

"Ndiyo, baba," alisema Mehitabel.